Siki ya Mama Qiao

Basi letu la Taiyuan lilikuwa limeanza kuondoka pale mwanamume mgeni alipogonga mlango, akaingia akihema, akaketi mbele yangu kando ya Mama Qiao, aliyepakata mtungi wa siki.

"Siki ni ya kwetu Zhenjiang, dada," alisema akiutazama mtungi, kabla hajatulia. "Ya mchele, laini. Yenu ya mtama inakwaruza koo."

"Koo lako ndilo bovu, kaka! Sisi siki tunaianika juani kiangazi kizima, na wakati wa baridi tunaitoa maji yaliyoganda barafu mpaka iwe nzito. Hii ina miaka ishirini na sita."

"Basi fungua, abiria waamue."

Tulishangilia. Hata mimi, mzaliwa wa hapa Shanxi, nilinyoosha kikombe. Tulisema tunataka ushahidi, lakini tulitaka siki.

Mama Qiao alishika kifuniko, akakiachia. "Baba yangu aliitengeneza binti yangu alipozaliwa. Nilimwahidi kwamba binti ataifungua mwenyewe, siku ya harusi. Harusi ni kesho."

"Kesho! Umeshindwa, dada," mgeni alicheka, na basi zima likacheka naye.

Basi liliposimama, Mama Qiao alishuka uso umemwiva, shingo imenyooka, na mtungi haujafunguliwa.