Mierezi Arobaini na Mmoja ya Leander Swan

Ndugu na majirani mliovuka maji kwenye mvua hii kumsindikiza kaka yetu Leander Swan, familia imenipa mimi, dada yake Colette, kazi ya kuwasomea maisha yake, naye mwenyewe aliagiza nisiruke mahali.

Leander alizaliwa tarehe 14 Novemba 1947 hapa Ghuba ya Hesk, magharibi mwa Kisiwa cha Vancouver, mtoto wa kwanza wa Matthias na Agatha, akalelewa na bibi yetu Philomena, aliyempeleka bonde la Tarrow kila mwanzo wa kiangazi kubandua magome ya mierezi ya kusukia kofia na vikapu, akimfundisha kuchukua upana wa viganja viwili tu, ili mti uendelee kuishi na kovu lake.

Septemba 1954 alichukuliwa na serikali, kama watoto wengine wa wenyeji wa asili, na kupelekwa shule ya bweni ya misheni, akakaa huko hadi Juni 1962, na kuhusu miaka hiyo aliomba zisomwe tarehe tu.

Machi 1966 aliajiriwa na kampuni ya mbao, kazi yake ikiwa kufunga tepe za rangi ya waridi mitini kuonyesha mpaka wa kukata, na tarehe 20 Juni 1970 alimwoa marehemu Verna, wakajaliwa Bernadette na Gerald, ambao walilelewa kwa mshahara huo.

Agosti 1983 alitumwa kupima Tarrow, akaihesabu mierezi yenye makovu ya Bibi, ikawa arobaini na mmoja, akausogeza mpaka kwa siri, ukabaki ukanda wa hatua hamsini kando ya mto, akarudi nyumbani akiimba. Msitu uliokuwa nyuma yake ulikatwa wote, na Januari 1984 upepo wa bahari, ambao zamani ulichoka ukipita katikati ya maelfu ya miti, uliukuta ule ukanda peke yake, ukaiangusha mierezi yote kwa siku moja, kisha mlima ukaporomoka na kuufukia mto walimokuwa wakizaliana samaki aina ya samoni.

Aliacha kazi mwezi uliofuata bila kutoa sababu, akawa mvuvi, na kuanzia 2006 alilizunguka bonde la Mercer, lililopangwa kukatwa miti, pamoja na Bernadette, akiorodhesha miti yenye makovu na kudai msitu uachwe mzima, kutoka kilele hadi kilele. Kampuni ilipokubali kuacha ukanda wa hatua hamsini tu, alikataa kutia sahihi makubaliano, na Gerald, anayeendesha mashine ya kukatia miti ya kampuni hiyo, akamwambia mezani, "Mzee, tepe umefunga wewe miaka kumi na minane, leo mimi nikikata unaniona mwizi?" naye akajibu, "Sikuoni mwizi, baba. Nakwambia hatua hamsini nilishazijaribu." Ndipo tulipoisikia habari ya Tarrow kwa mara ya kwanza.

Oktoba 2018 aligundulika kuwa na saratani ya mapafu. Tarehe 7 Februari 2019 ilikuja barua kwamba Mercer itakatwa, na kando ya mto zitaachwa hatua hamsini. Bernadette alimsomea yote, naye akauliza upepo unavuma kutoka wapi. Alifariki siku mbili baadaye, nyumbani, akiwa na miaka sabini na mmoja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuletea kuni na samaki wa moshi, na wafanyakazi wenzake wa zamani, waliokuja ingawa walijua nitasoma nini.

Jeneza hili Gerald amelipasua kutoka katika mmoja wa ile mierezi ya Tarrow, uliolala matopeni miaka thelathini na mitano, na ndani bado ulikuwa mwekundu na unanukia. Kovu la Bibi liko juu ya kifuniko, mnaweza kuligusa mkipita. Jumatatu Gerald anatakiwa Mercer na mashine yake, nasi hatujamuuliza kama atakwenda.

Lala, kaka, kwa amani uliyoikosa tangu Januari ile.