Kisiwa cha Mama Taratibu

Tarehe thelathini mwezi huu, saa ya kufunga ofisi, Mtunza Ramani Mkuu wa hifadhi yetu ya nyaraka atakabidhi funguo baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Kwenye jalada lake ana cheo kirefu. Sisi tunamwita Mama Taratibu, na wageni wengi hawajui kama ana jina jingine. Mkurugenzi ameniomba niandike wasifu huu wa jarida letu kwa ukurasa mmoja na nusu, nisiingize porojo. Ukurasa mmoja na nusu nitajitahidi. Hilo la porojo siahidi, maana mimi ni fundi wa fremu, chumba changu kinapakana na chake, na ukuta wenyewe ni mwembamba.

Alianza mapokezi, akiandika majina ya wageni kwa mwandiko mzuri kiasi kwamba mkuu wa wakati ule alimhamishia chumba cha kusomea. Huko akajifunza kuziba karatasi zilizochanika kwa gundi ya wanga, akapelekwa kozi, akarudi na cheti na miwani. Tangu hapo droo za ramani zikawa zake. Hakuna aliyewahi kuvuta droo hata moja bila kusikia "Taratibu!" nyuma yake, hata pale alipodhani yuko peke yake.

Mkurugenzi mwenyewe, wiki yake ya kwanza kazini, aliingia kujitambulisha akiwa na kikombe cha chai mkononi. Mama Taratibu alimpokea kwa heshima zote, akampongeza kwa cheo kipya, kisha akamtoa nje yeye na kikombe chake. Utambulisho ulimalizikia koridoni. Nadhani ndipo walipoanza kuelewana.

Na bomba lilipopasuka juu ya ghala, ni yeye aliyetupanga kwenye ngazi, wahasibu, madereva na walinzi, tukapokezana droo mpaka ghorofa ya juu. Tumelowa chepechepe, na bado anatuambia taratibu! Haikuharibika ramani hata moja. Kilichopotea ni kiatu cha mhasibu, na mpaka leo hakijaonekana.

Lakini huwezi kumjua Mama Taratibu bila kuijua ramani yake ya pwani. Ni kongwe kuliko kitu chochote tulicho nacho jengoni, na ilichorwa kwa mkono na baharia asiyejulikana. Nyuma ya ufuo pameachwa patupu kwa sababu mchoraji hakushuka. Milima imechorwa ubavuni, vile inavyoonekana ukiwa chomboni. Kuna dira ya rangi nyekundu na kijani, kuna vinanga vidogo vya kuonyesha mahali pa kutia nanga, na kuna nyangumi mwenye masikio ambaye kila mgeni lazima amcheke. Baharini zimetapakaa tarakimu. Hizo ni vina vya maji, vilivyopimwa kwa bildi, yaani kamba yenye kipande cha risasi mwishoni. Wanafunzi wakija huanza kutafuta miji. Yeye huwaambia kuwa mchoraji alikuwa majini, kwa hiyo nao waingie majini kwanza, ndipo waitazame nchi kavu. Nimelisikia somo hilo mara nyingi mno hata mke wangu nyumbani analijua kwa moyo.

Katikati ya mdomo wa ghuba palikuwa na kisiwa. Kilikuwa kidogo, punje ya ulezi tu, cheusi, na upande wa kusini kilikuwa na kimkia cha wino ambacho Mama Taratibu alikisoma kuwa ulimi wa mchanga. Hakuna ramani nyingine yenye kisiwa hicho. Yeye ndiye aliyekitambua, akiwa bado mgeni kazini, na ndicho kilichomjengea jina. Aliandika makala juu yake katika jarida hili hili, akieleza jinsi mawimbi yalivyokila mpaka kikaisha. Watafiti wakamwandikia, akapandishwa cheo, akaheshimika.

Mtu mmoja tu hakukubali, na kwa bahati mbaya ndiye aliyemuoa. Mume wake, ambaye sote tunamwita Rubani, alistaafu zamani baada ya kuingiza meli kubwa bandarini maisha yake yote, na alizipitishia kwenye mdomo huo huo wa ghuba. Alisema kama hapo pangewahi kuwa na kisiwa, kitako chake kingekuwa kimeshamtobolea meli. Kila akija kumchukua mkewe jioni, husimama mlangoni akauliza kisiwa kimeshindaje. Naye hujibiwa kuwa hakijambo, kinamsalimia. Watoto wao watatu wamelelewa katika ubishi huo, kila mmoja akichagua upande kulingana na nani anagawa nyama siku hiyo. Hapa ofisini nako tuligawanyika. Mimi na wasomaji wengi tulikuwa watu wa kisiwa, na walinzi wote walikuwa watu wa maji.

Basi mwaka huu Mkurugenzi akaamua kumuaga kwa maonyesho. Ramani itundikwe ukumbini na kisiwa kiwe ndicho bibi harusi. Mabango yakabandikwa getini, "Kisiwa Kilichopotea", herufi kubwa. Kadi za mwaliko zikaenda. Kilichobaki ni yeye kuisafisha ramani kwa mara ya mwisho, kisha mimi niifunge kwenye fremu.

Siku chache kabla ya ufunguzi, akiwa na lenzi yake na taa ya kumulikia ubavuni, aliona kisiwa kinang'aa. Wino wa kale haung'ai, kwa sababu umeshanywewa na karatasi. Kinachong'aa kimekaa juu tu. Akanigongea ukuta. Nilipofika nilimkuta amekaa, mikono mapajani, akaniambia kwa sauti ya chini kabisa kwamba anaogopa kile ni choo cha nzi.

Jamani! Nilicheka, halafu nikamwona uso nikanyamaza. Makala yote yale, cheo, mabango, hotuba ya Mkurugenzi iliyokuwa imeshapigwa chapa, na mume ambaye angepata la kusema mpaka kaburini! Njia rahisi ilikuwepo. Angeacha kama kilivyo, mimi ningefunga kioo, naye angestaafu na kisiwa chake, asijue mtu. Ofisa wa maonyesho alipoitwa alimsihi afanye hivyo hivyo, akimkumbusha kuwa mabango yako getini. Mama Taratibu alimjibu kwamba mabango ni karatasi, na karatasi hazijawahi kumtisha. Kinachomtisha, alisema, ni kusimama siku ya kuagwa akapigiwa makofi kwa ajili ya nzi.

Akachukua kisu chembamba na pamba yenye unyevu. Safari hii ni sisi tuliomwambia yeye taratibu. Kisiwa kikanyanyuka mfano wa gaga la kidonda, na chini yake ikatokea tarakimu. Ilikuwa tisa! Ule ulimi wa mchanga ulikuwa mkia wa tisa. Akaanza kusoma tarakimu za jirani moja moja kutoka bahari kuu, nane, nane, tisa, nane, saba, mpaka kwenye kinanga kilichochorwa ndani ya ghuba. Zote zikashikana. Kumbe ulikuwa mlango wa meli, yule baharia aliuonyesha waziwazi, na nzi mmoja akauziba katikati. Mama Taratibu akaruka. Sisemi kwa mfano. Aliruka hasa, na miaka yake sitini, akatukumbatia mimi na ofisa wa maonyesho kwa pamoja, huku analia na kucheka. Nami nililia, sioni haya kusema.

Mkurugenzi alipoambiwa aliomba kiti. Alipokwisha kukaa akafikiri, akaamua mabango yabaki yalivyo, kwani sasa ndiyo yamekuwa ya kweli. Maelezo ya ukutani Mama Taratibu aliyaandika upya mwenyewe: kwamba kina hiki kilipimwa na baharia asiyejulikana, kikafunikwa na nzi asiyejulikana, kikatetewa kuwa kisiwa na mtunza ramani anayejulikana sana. Maonyesho yalipofunguliwa Jumamosi iliyopita watu walijazana hapo wakisoma na kucheka, na kila aliyetoka alikuwa anajua kusoma vina vya maji. Sijawahi kuona ukumbi wetu ukichangamka namna ile.

Rubani alikuja amevaa koti lake la kazi lenye vifungo vya shaba, na kofia yake akanipa niishike. Tulijua amekuja kushangilia, na walinzi walikuwa wameshajipanga nyuma yake. Mkewe akampa lenzi. Rubani akainama, akafuata tarakimu kwa kidole bila kugusa kioo, kutoka bahari kuu hadi kwenye kinanga, huku akitikisa kichwa. Ilikuwa njia yake mwenyewe, ile ile aliyopitisha meli zote. Tukangoja kelele. Kelele hazikuja. Alimrudishia mkewe lenzi, akasema kwa unyonge kwamba alikuwa amekizoea kile kisiwa. Watoto wameshahama, sasa yeye na mkewe wanakwenda kukaa nyumbani wawili tu kutwa kucha. Je, watabishana nini?

Mama Taratibu akamshika mkono, akampeleka kwenye pembe ya kaskazini ya ramani, akamwonyesha nukta mbili kando ya rasi. Alimwambia kwamba, kwa maoni yake, hiyo ni miamba. Rubani akasema pale hapana mwamba. Mkewe akasema upo, tena ni miwili. Waliendelea hivyo ukumbini, koridoni, mpaka getini, na Rubani alikuwa amefurahi mno hata akasahau kofia yake kwangu.

Mama Taratibu, asante kwa kila karatasi uliyoiokoa na kwa kila kikombe ulichokitoa nje. Asante zaidi kwa kutuonyesha namna mtu anavyoweza kuondoa jina lake kwa mkono wake mwenyewe na akabaki nalo. Tumekubaliana hapa ofisini, watu wa kisiwa na watu wa maji: zile nukta mbili hazitaguswa na kisu wala pamba ya mtu yeyote. Siku ukitaka kujua ukweli wake, njoo, lenzi yako tutakuwekea. Ukiona bado ubishi ni mtamu, usije. Tunawatakia wewe na Rubani maisha mema na marefu, na kila mmoja wenu aamke kila siku akiwa na hakika kabisa kwamba mwenzake amekosea.