Mwalimu Jamleck Njeru Kithaka, Aliyekuwa Mkalimani wa Kianjokoma

Marehemu Mwalimu Jamleck Njeru alizaliwa Kianjokoma mwaka 1932, mtoto wa tatu wa mzee Kithaka na mama Ednah, wakulima wa mahindi na viazi vikuu.

Aliingia shule ya misheni mwaka 1942 na kumaliza darasa la nane mwaka 1950. Kiingereza alikipenda kuliko masomo yote. Alikisoma ubaoni, kwa mwalimu ambaye naye alikuwa amekisoma ubaoni, na darasa zima lilikitamka kwa sauti moja iliyonyooka. Maneno aliyajua. Jinsi Waingereza wanavyoyapandisha na kuyashusha hakuna aliyemfundisha.

Mwaka 1954, Hali ya Hatari ya serikali ya kikoloni dhidi ya wapiganaji wa msituni ikiwa imekaza, aliajiriwa kuwa mkalimani katika kambi ya mahojiano karibu na nyumbani. Yanayofuata yanatutia aibu kuyasoma mbele ya jeneza lake. Ni yeye aliyeagiza yasomwe.

Mwezi wa Agosti aliletwa kambini jirani yetu Nyaga, mchongaji wa mizinga ya nyuki, akishukiwa kuwapelekea chakula watu wa msituni. Alijibu maswali kwa utulivu, kisha akaomba arudi nyumbani, kwa kuwa mkewe Wanjira alikuwa karibu kujifungua. Marehemu akalitafsiri ombi hilo. Afisa mzungu, akishindilia tumbaku kwenye kiko chake, akasema, "He can go." Anaweza kwenda. Lakini kwenye neno la mwisho sauti yake ilishuka, halafu ikapanda tena, ikabaki juu. Mwingereza akiiacha sauti namna hiyo, hajamaliza. Kuna "lakini" inakuja. Marehemu hakulijua hilo. Alimgeukia Nyaga, akamwambia kwa Kiembu, "Amekuruhusu. Nenda nyumbani."

Nyaga alishukuru, akachukua kofia yake, akatoka. Afisa akawasha kiko, ndipo akamalizia: ataenda akishasema ukweli.

Marehemu akaelewa. Mlango ulikuwa wazi, na Nyaga alikuwa bado uani, akitembea. Angemwita, angerudi. Hakumwita. Aliona haya kujulikana kwamba hakukisikia Kiingereza vizuri. Askari wa langoni hakuwa amepewa amri ya kumpitisha mtu, akampiga risasi, akafa palepale.

"Ulimwambia nini?" afisa akauliza.

"Sikumwambia kitu, bwana. Amekimbia."

Hivyo ndivyo ilivyotangazwa barazani. Mtoto wa Nyaga alizaliwa wiki hiyo hiyo, akakua akiitwa mtoto wa mtoro. Mashamba yalipogawanywa, mama Wanjira aliambiwa mke wa mtoro asubiri. Hadi leo analima shamba la kaka yake.

Marehemu aliacha kazi ile mwaka 1956, akasomea ualimu, akafundisha Kiingereza hadi alipostaafu mwaka 1987. Mwaka 1959 alifunga ndoa na Teresia, mama yetu, katika kanisa la Kianjokoma. Waliopita mikononi mwake watakumbuka alivyowahimiza kusikiliza sauti kabla ya neno. Alikuwa akisema "Come here" kwa hasira, kwa kubembeleza, na kama mtu mwenye siri, nao wabashiri maana. Siku moja ile ya hasira ilimtoka vizuri mno hata wavulana wawili wakaruka nje kupitia dirishani. Darasa lilicheka, lakini Mwalimu alitoka mbio nyuma yao, akiwaita kwa majina warudi, na kipindi kikaisha akiwa amewashika mikono.

Mwaka 1964 alikwenda kwa mama Wanjira, akamweleza yote jikoni.

"Kwa hiyo ulisema alikimbia," mama akasema.

"Nilisema."

"Msamaha muombe Mungu. Mimi nataka useme hakukimbia. Si hapa jikoni. Kanisani, watu wakiwa wamekaa."

Aliahidi. Jumapili ilipofika, padre aliuliza kama kuna mwenye neno, na mama Wanjira akageuka kumtazama. Baba alibaki ameinamia kofia yake. Jumapili nyingi zilifuata, na miaka, na watu wakaendelea kumwamkia kwa heshima. Naye aliipokea.

Mwaka 1990 aligunduliwa kuwa na kisukari, na baadaye figo zikashindwa. Alipolazwa mjini Embu aliniita mimi, Peninah, akanieleza.

"Baba, si umwite padre umwambie mwenyewe?"

"Sikuweza nikiwa na nguvu. Utasema wewe."

Alifariki tarehe 9 Juni 1993. Wengine kwetu walitaka sehemu hii iondolewe, mzee azikwe na heshima yake. Tumebishana hadi jana. Lakini mama Wanjira amekuja, ameketi pale mbele na mwanawe, na watu wamekaa.

Nyaga hakukimbia. Aliambiwa aende, akaenda. Aliyemwambia ni baba yetu, na aliyesema uongo ni baba yetu. Nasi watoto wake, tuliosomeshwa na kuheshimiwa kwa jina lake, tunaona aibu mbele yenu.

Marehemu amemwacha mkewe Teresia, watoto watatu, Kithaka, Peninah na Wanja, wajukuu saba, na ndugu mmoja, Koome, aliyehamia Kibirichia.

Mungu ampumzishe Nyaga kwanza. Kisha, kwa rehema zake, na baba yetu.