Beseni la Mama Paskazia

Mheshimiwa Diwani, mgeni wetu rasmi, Ndugu Mwenyekiti wa Mtaa na kamati yako, Baba Paroko, wazee wetu wa mwalo huu wa mitumbwi, shikamooni, Ndugu wageni waalikwa mliotoka Buswelu na hata Mkolani kuja kutazama bomba, na ninyi kina mama wenzangu wa dagaa, ambao leo mmependeza mpaka nimewapita bila salamu nikidhani ni wageni wa mkoani: habari za mchana?

Naitwa Kemilembe, katibu wa kikundi chetu cha kina mama wa dagaa. Wengi mnanijua kama mke wa mtoto wa Mama Paskazia, mwenyekiti wetu, yule aliyekaa mstari wa mbele na kunikazia macho. Mama, kaza tu. Ruhusa nimeomba kwa mwanao.

Nimepewa dakika chache nieleze makaro haya ya kufulia yametoka wapi. Yametoka kwenye bwawa. Si bwawa la huku, ni la mbali, juu milimani, ndani ya hifadhi ya taifa, ambako shirika moja la mazingira lilitupeleka mwaka jana tukajifunze wenzetu wanavyotunza maji.

Ndugu zangu, tuliona mambo. Sisi tuliozoea joto la mawe ya Mwanza tulishuka kwenye basi tukapokelewa na baridi inayoingia mpaka kwenye meno. Tuliona uwanda wa majani umejaa maua ya njano na ya zambarau, hakuna aliyeyapanda wala anayeyamwagilia. Tuliona msitu wa mianzi, na ndani yake maporomoko yanayoanguka kwa kishindo hata mtu hasikii anachoambiwa. Hapo ndipo nilipomwona mama mkwe wangu, ambaye tangu niolewe sijawahi kumwona akikimbia, anakimbilia kwenye rasharasha na kitenge chake, anacheka, anacheza, ananipungia mkono nije nilowe naye. Nilikwenda. Unamkatalia vipi mama mkwe aliyefurahi?

Tukarudi kambini, karibu na bwawa, tumelowa na tumejaa matope. Sasa niwaulize: mtu wa ziwani akiwa na nguo chafu na mbele yake kuna maji mengi, anafanya nini?

Asubuhi Mama alisimama ukingoni akaniuliza watu wako wapi. Maji yote yale hayana mtumbwi, hayana mtoto anayeoga, hayana harufu ya dagaa. Akayaonea huruma. Akachukua beseni na sabuni ya mche, akashuka. Na desturi yetu mnaijua: kila mwanamke hapa mwaloni ana jiwe lake la kufulia, wakubwa huchagua kwanza, na hakuna anayelowesha nguo kabla mkubwa hajalowesha. Basi Mama akachagua jiwe, nasi tukachagua kwa kufuata umri, mimi wa mwisho kama kawaida, na muda si mrefu bwawa la watu lilikuwa jeupe kwa povu.

Akaja askari wa hifadhi, binti anayeitwa Angela, bunduki begani. Alituamkia kwanza, tukaitikia marahaba kwa furaha, ndipo akatuomba tutoke majini mara moja. Mama hakutoka. Alimweleza kwa upole kwamba yeye amefua ziwani tangu hajaolewa, na ziwa bado lipo.

Angela hakubishana. Alitupeleka chini ya ukuta wa bwawa, akatuonyesha bomba kubwa linalotokea pale, tukalifuata kwa miguu mpaka kijiji cha kwanza. Bombani tulimkuta mama mmoja anamnywesha mtoto wake kwa kiganja. Mama Paskazia alisimama akamtazama yule mtoto akinywa mpaka akatosheka. Tuliporudi, alijitwika beseni lake la povu, akapanda nalo kilima mpaka mbali kabisa na maji, akalimwaga. Nilitaka kumpokea, akakataa. Nasi tukapanda na ya kwetu, kwa kufuata umri.

Tukafunga safari ya kurudi Mwanza. Basi linaingia stendi ya Buzuruga, Mama akanigeukia.

"Kemilembe, sisi maji ya kunywa tunachota wapi?"

"Palepale, mama. Mbele kidogo ya mawe."

Kazi ikaanza. Shirika likatoa saruji na mabomba, sisi tukatoa mchanga na migongo yetu, na Mheshimiwa Diwani akawa anapokea simu zangu hata akiwa msibani. Leo maji machafu yanakwenda shimoni, hayarudi ziwani. Lakini niseme ukweli mbele yenu, raha hatukuwa nayo. Mama alibeba mchanga kuliko vijana, ila jioni aliendelea kufua kwenye jiwe lake, alilorithishwa na mama mkwe wake. Na kina mama waliniambia wazi kwamba yeye asipopanda huku kwenye makaro, hakuna atakayepanda. Tungebaki na makaro mazuri ya kulalia mbuzi. Mimi ningemuuliza kwa mdomo gani? Mkwe anamwambiaje mama mkwe wake aache jiwe la ukoo? Niliogopa. Jana nilimwomba Baba Paroko atuombee, naye yupo hapa ni shahidi.

Leo alfajiri nimekuja kupanga viti. Mheshimiwa, utepe tuliokuandalia uukate niliukuta umefunguliwa, umekunjwa vizuri, umewekwa juu ya ukuta. Ndani, kwenye karo la kwanza, Mama Paskazia anasuuza. Nyuma yake kina mama wamepanga foleni na mabeseni yao. Nilisimama pale nikalia, sioni aibu kusema.

Mama hakugeuka. Alisema tu, "Hicho kitambaa chenu kifungeni tena, Diwani asijisikie vibaya."

Tumekifunga, Mheshimiwa. Utakikata, vigelegele tutapiga, na picha tutapiga, na tunakushukuru wewe na wote mliokuja, mkavumilia jua na maneno yangu. Ila vile vitenge vinavyopepea nyuma ya kiti chako ni vya Mama Paskazia, na vimeshakauka.

Asanteni sana kwa kunitegea sikio.