Mama Eliane Aliyeshusha Moto

Miaka ishirini na tisa, bila kuhesabu likizo ambazo hakuzichukua: ndivyo Mama Eliane Nabintu alivyotumika hapa ateliye, karakana yetu ya Nyamianda. Tarehe 30 Juni anastaafu. Minye, Junior, ndiye nimepewa kuandika, maana mwandiko wangu unawashinda wote, hata kama shule niliiachia katikati. Wenye diplome wavumilie.

Kazi yetu munaijua: tunavalisha vioo vya taa za pikipiki. Kioo kinaingia ndani ya pipa la chuma, tunanyonya hewa yote, aluminiamu inageuka mvuke na kulala juu ya kioo, utando mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Zamani tuliacha moto mkali tangu mwanzo hadi mwisho ili utando ushike. Ulishika kweli, lakini ulitoka na ukungu, kama maji ya kuoshea mchele. Na taa hizo tuliziuza bila haya!

Mama Eliane alihangaika nao miaka sita. Mwishowe akapasha kioo kwanza, unyevu wa ziwa letu la jirani ukauke, halafu akashusha moto kabla ya kuyeyusha aluminiamu. Kikatoka kioo safi hata Alliance, dada wetu wa kaunta, akajipakia rangi ya midomo mbele yake. Ateliye ikapewa breve, ile karatasi ya serikali inayokataza wengine kuiga.

Mwaka juzi kampuni moja kubwa ikaomba mahakama iifute. Ingefutwa, wangetuiga kwa mashine zao kubwa, na sisi kumi na wanne tungerudi nyumbani kulala. Wakili wao, Mètre Bruno, akatamba: "Kushusha moto! Hata mupishi wa maharagi anajua. Uvumbuzi iko wapi hapo?" Watu wakacheka. Nakiri, hata minye nilicheka kidogo.

Mama Eliane, ambaye hapigi kelele hata akiungua, akachomoa karatasi ya maelekezo ya mafundi, ya miaka kumi nyuma, iliyokuwa ndani ya dosye, faili ambalo kampuni yenyewe ilileta mahakamani. Akasoma kwa sauti: ni marufuku kushusha moto kabla ya kazi kwisha.

"Mètre, mwanangu, kama iko wazi hivyo, mbona miaka kumi munawakataza mafundi wenu?"

Bruno akaanza kutafuta miwani iliyokuwa usoni mwake. Breve ikabaki, na sisi tukabaki kazini.

Mama, aksanti kwa subira, na kwa kuniita kichwa kigumu bila kunifukuza. Huko kwenu Lemera unakorudi, mihogo na wajukuu wakupokee vizuri, na upumzike hata kabla ya kuchoka. Siku hizi kila fundi wa hapa anadai kushusha moto ni jambo la kujulikana tu. Ndiyo, sasa tunajua wote. Weye ulijua peke yako.