Bi. Kagure Hakupunguza Dawa

Tarehe 28 Juni mwaka huu wa 1996, Bi. Lydia Kagure Theuri anastaafu baada ya kuyahudumia maji ya Nyeri na miji ya Mlima Kenya kwa miaka thelathini. Kwa wale wanaodhani maji safi hujileta mferejini yenyewe, hii hapa habari ya mtu aliyekuwa nyuma ya mfereji.

Alianza mwaka 1966 katika maabara ya maji mjini Nyeri, mwanamke pekee kati ya wanaume waliodhani ameletwa kupiga taipu. Walimletea barua, naye akawarudishia pamoja na chupa za sampuli juu yake, hadi wakaelewa. Baadaye alisomea teknolojia ya maji Nairobi, akarudi na cheti na msimamo wake uleule.

Wengi wenu mnakumbuka ufunguzi wa mradi kule Kangema. Mgeni rasmi alipaswa kunywa glasi ya kwanza mbele ya wapiga picha. Bi. Kagure, ambaye matokeo ya vipimo yalikuwa hayajamfikia, aliichukua glasi mkononi mwa mgeni kwa adabu zote na kumpa soda ya machungwa. Picha ipo. Mradi wa maji unafunguliwa kwa soda, na anayetabasamu ni mtu mmoja tu.

Mwaka 1981 alihamia Nanyuki, akamkuta mwandishi wa makala haya, fundi wa pampu aliyejiona bingwa. Siku ya kwanza alivaa gambuti, akapanda ngazi ya tangi, akachungulia ndani na kuagiza lisuguliwe upya. Lilisuguliwa. Wauzaji mifugo wa mji ule, watu wasiomwamini mgeni upesi, mwishowe walikuwa wakimletea maji ya visima vyao ayapime kabla ng'ombe hawajanyweshwa.

Nje ya kazi huimba sauti ya pili kwayani, na Jumapili alasiri humkosi uwanja wa mpira wa Ruring'u, karibu na kwake, ambako marefa wamemjua kwa sauti hiyohiyo. Harusini huonja maji kabla ya pilau. Akikunja uso, meza nzima huagiza chai.

Lakini kuna jambo ambalo yeye mwenyewe hakuwahi kulitaja ofisini. Tulilisikia kwa Bi. Kabura, mkulima wa viazi wa huko Mweiga, naye ametupa ruhusa tuliandike.

Mwaka 1974 homa ya matumbo iliingia katika kijiji kimoja karibu na Mweiga ikaua watu, wengi wao watoto. Bi. Kagure alitumwa huko kuweka mtambo wa kutia klorini kwenye tangi la kijiji. Chai ya kwanza ilinuka hospitali, na kabla ya juma kuisha uvumi ulikuwa umeenea kwamba ile ni dawa ya kufunga uzazi. Mbaya zaidi, Bi. Kagure alikuwa ameolewa miaka minane na hakuwa na mtoto. Bi. Kabura, ambaye leo hulisimulia hili akijifunika uso, ndiye aliyesimama nje ya kanisa akasema, "Ati mnashangaa? Huyo hana mtoto, sasa anataka sisi wote tukae kama yeye!"

Wanawake walirudi mtoni. Chifu Mutahi akaja kumsihi, "Madam, punguza hiyo dawa kidogo tu, watu watulie." Ingekuwa rahisi. Angegeuza valvu, harufu ingekwisha na matusi yangekwisha. Alimjibu, "Nikipunguza, tutazika tena." Kila asubuhi alikinga kikombe mferejini akanywa mbele yao. Wakasema yeye hana cha kupoteza. Mumewe, Mwalimu Theuri, anasema hizo ndizo siku pekee alizomwona akilia kwa sababu ya kazi. Maneno yale yalimchoma sana. Dawa ilibaki palepale.

Kilichomsaidia ni mteremko wa kwenda mtoni, ambao mvua ikinyesha huteleza vibaya. Bi. Kabura, huku akiendelea kuhubiri mchana, alikuwa akinyemelea mfereji jioni na ndoo yake. Mwaka uliofuata akajifungua mapacha, wasichana wawili. Majirani walijua fika alikuwa akinywa maji gani, kwa kuwa nao walikuwa wakikutana naye hapohapo mferejini. Uvumi ulikufa kwa kicheko, na homa haikurudi.

Kwa Wakikuyu mtoto hupewa jina la nyanya au babu, kisha la mashangazi na wajomba, na huhesabiwa kuwa ndiye yule aliyempa jina. Bi. Kagure hakujaliwa mtoto na hakuwa na ndugu, kwa hiyo jina lake lilikuwa liishie kwake. Mabinti wakubwa wa Bi. Kabura walikuwa wamekwisha kubeba majina ya nyanya zao, na pacha wa kwanza akapewa la shangazi. Kwa ajili ya wa pili, Bi. Kabura na mumewe walimwendea mtaalamu wa maji nyumbani kwake, wakaomba msamaha, kisha wakaomba jina. Mtoto akaitwa Kagure.

Kagure huyo sasa ni msichana wa miaka ishirini na mmoja. Wiki jana alifika ofisini kuuliza atakaa wapi siku ya sherehe. Karani wetu, Bwana Wamae, alimweleza kwamba meza kuu ni ya jamaa za mstaafu, akamuuliza yeye ni nani wake.

"Mimi ndiye yeye," akajibu.

Bwana Wamae ni Mkikuyu mwenzake. Alichukua orodha ya meza kuu akaongeza kiti.

Bi. Kagure, tunakushukuru kwa kila kikombe tulichokunywa bila woga. Wewe na Mwalimu Theuri tunawaombea afya njema na siku tulivu hapo Ruring'u. Kiti cha binti kiko kando ya chako.

Kulmiye, Karakana ya Pampu, Nanyuki