Mwalimu Basil Zahran na Swali Lililochelewa

Marehemu kaka yangu, Mwalimu Basil Zahran Amour, alizaliwa Kikwajuni tarehe 14 Agosti 1946, mtoto wa kwanza wa Mzee Zahran na Bi Dalal. Alisoma chuo cha Kurani na skuli hapo hapo mjini. Kwa wingi wa "kwa nini" zake, mwalimu wake wa Kurani alimwekea kiwango: maswali matatu kwa siku.

Alianza kusomesha hesabu mwaka 1968, na mwaka 1974 alimuoa Bi Tamima. Mwaka 1985 alipelekwa Dar es Salaam kusomea kompyuta. Aliporudi, chuo cha ualimu kilimpa somo la falsafa, ambalo hapana aliyelitaka, na kompyuta moja, ambayo hapana aliyeijua. Akavifungisha ndoa.

Aliwaambia wanafunzi waieleze mashine mwalimu mwema ni nani. Wakaandika: hachelewi, hapigi, hatukani. Mtundu mmoja akaingiza jina la kabati la darasani, na mashine ikajibu kuwa kabati ni mwalimu mwema. Basil alicheka mpaka akatoka machozi. "Mashine haikukosea," aliwaambia. "Sisi ndio hatujajua tunachokitaka."

Lakini naye aliteleza, na aliniusia nisilifiche. Mwaka 1993 aliiachia kompyuta iamue nani afanye mtihani wa mwisho: aliyekosa darasa mara tatu, basi, hafanyi. Mashavu, msichana wa Matemwe, alikosa mara tatu. Alipokuja kumwona, Basil alimjibu, "Mashine ishasema." Mashavu akarudi kwao kulima mwani, na ualimu ukampita.

Bi Tamima aliposikia alimuuliza mumewe, "Na wewe ulisema nini?" Mara mbili Basil alikwenda Matemwe kumtafuta Mashavu, akaambiwa ameolewa Tumbatu. Alikuwa akiogopa kufa bila ya radhi yake.

Sukari ilipomharibu figo, mwaka jana, akawa kitandani kwa binti yake Ibtisam, Chukwani. Mwezi uliopita Ibtisam alimpata Mashavu, akamleta.

"Shikamoo, Mwalimu. Mie nshakusamehe zamani," alisema. "Lakini siku ile hukuniuliza nlikuwa wapi."

Kaka yangu alilia. "Nnakuuliza leo, mwanangu. Ulikuwa wapi?"

Alikuwa akimuuguza mamake. Alimweleza yote, tangu baada ya Alasiri mpaka ikakaribia Magharibi, na Basil hakumkatiza hata mara moja.

Alifariki leo alfajiri, Alhamisi tarehe 9 Machi 2006. Ameacha mjane, Bi Tamima, watoto wawili, Ibtisam na Shamsi, wajukuu watano, na mimi mdogo wake, Amour. Kwa niaba yake tunawaomba radhi wote aliowakosea. Aliye na lake moyoni aje Kikwajuni siku hizi tatu, tutamsikiliza.

Jamaa, msiondoke bado. Maisha yake yote aliuliza yeye; sasa humo kaburini anaulizwa yeye. Tusimame kidogo tumuombee maghufira, na Mwenyezi Mungu amthibitishe katika kujibu. Amin.